Miguu Iliyomsubiri Mgombea

Asubuhi hiyo Fundi alifungua stoo ya karakana akakuta miguu inamcheka.

Si njozi. Kila mguu wa bandia alioutengeneza kwa mikono yake ulikuwa umebandikwa stika kwenye muundi, chini kidogo ya goti, yenye uso wa mwanamume anayechekelea. Miguu imeegemezwa ukutani kama gwaride la askari, na kila askari ana kicheko kilekile. Chini ya kicheko pameandikwa: MCHAGUE HUYUHUYU. Fundi aliuvuta mmoja, akajaribu kubandua kwa ukucha. Likatoka paji la uso. Kicheko kikabaki.

"Mjomba!"

Aliyeitwa ndiye mwenyekiti wa shirika, ndugu wa mama yake, aliyemlea tangu mama alipofariki. Yeye ndiye aliyelianzisha shirika hili la hisani la kutengenezea watu miguu, na yeye ndiye aliyemfundisha Fundi kushika patasi kabla hajajua kushika kalamu vizuri. Serikali haikuwatoza kodi hata senti. Plastiki, vyuma vya magoti, mpira wa nyayo, vyote vilipita mpakani bure, kwa sharti moja ambalo hata mfagizi alilijua: shirika lihudumie watu, lisimpigie mtu debe.

Mjomba alitokea, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza.

"Umeiona? Imependeza, eeh?"

"Hii ni nini, Mjomba?"

"Shukrani. Mheshimiwa ametuchangia mahema na viti vya sherehe. Kesho ataikabidhi miguu mwenyewe, kwa mkono wake. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

"Hii ni siasa."

"Siasa ni maneno. Hapa kuna maneno gani? Picha tu."

"Na 'mchague huyuhuyu' ni wimbo wa kubembelezea mtoto?"

Mjomba akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

Fundi hakucheka. Uso ule aliujua. Mwaka uliopita, walipochoka kupokea majeruhi kutoka njia panda ileile ya soko, yeye na wenzake waliandika kitambaa kikubwa: MIGUU INAKATIKIA HAPA. TUNAOMBA MATUTA. Wakakitundika palepale magari yanapotimua vumbi. Hakikumaliza siku. Mjomba alirudi nacho kwapani, jasho linamchuruzika, anafoka: mnataka tufungiwe? Mnataka tuanze kulipa kodi kama wauza bia? Sisi ni hisani, na hisani haina mdomo! Diwani wa pale, ambaye matuta yalikuwa kazi yake na hakuyaweka, alikuwa amempigia simu moja tu. Fundi alinyamaza. Aliamini kuwa sharti ni sharti.

Na leo diwani yuleyule anautaka ubunge, anachekelea kwenye miundi ya watu aliowaacha wagongwe.

"Kumbe hisani ina mdomo," Fundi alisema. "Ila ni mdomo wa kusifia tu. Wa kulia tulishonwa."

"Chunga ulimi wako. Mimi si rika lako."

"Shikamoo, basi. Na hawa wenye miguu yao wamekosa nini? Miguu ilikamilika zamani, umeifungia stoo ikingoja sherehe. Kigutu hakingoji sherehe, Mjomba, kinanywea. Mtu akikaa bila mguu wake, kile kikombe cha juu nilichompimia kinampwaya. Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Atasimama mara moja, apigwe picha, akae. Mengine utarekebisha baadaye." Mjomba alitazama saa. "Naenda kuangalia mahema. Ifute vumbi."

Akaenda zake. Fundi alibaki ameshika mguu kama mtu aliyeshika rungu na hajaona pa kulipiga.

Hapo akaingia Jozi kwa magongo yake. Huyu ni muuza viatu wa sokoni, na jina hilo alipewa enzi ana miguu yote miwili. Ulipoondoka mmoja, watu waliona haya kumwita hivyo, mwenyewe akakataa: jina nimelinunua kwa jasho, alisema, silirudishi dukani.

"Fundi, mguu wangu bado uko mahabusu?"

"Uko. Tena umepigwa picha."

Jozi akaanza kucheka, kisha akauona uso kwenye muundi. Kicheko kikamkauka.

"Huyu?"

"Huyuhuyu."

"Nilimfuata ofisini kuomba matuta. Wenzangu wa sokoni walinituma. Akaniambia, nendeni mkatafute wafadhili." Alikaa kwenye benchi, taratibu. "Nilimwendea kwa miguu yangu miwili nikarudi patupu. Sasa nimwendee na mmoja, aniazime wa pili? Tena nipige na makofi? Afadhali niruke kama kunguru mpaka siku ya kufa."

Fundi alipiga goti, akakunja suruali ya Jozi, akamvalisha mguu. Ulicheza. Akaongeza soksi ya kigutu, kisha nyingine, akakaza mkanda. Ukashika, lakini kwa shida, kama mlango uliobanwa kwa karatasi.

Hasira yake ikapoa ghafla, ikawa kitu kigumu cha kufanyia kazi.

"Piga simu," alimwambia Jozi. "Waite wote wanaongoja miguu. Waje leo."

Walikuja. Dereva wa zamani alikuja, mwashi akaja, na bibi mmoja mkavu kama ukuni akaletwa na wajukuu. Karakana ikanuka thina ya kuyeyushia gundi. Waliokaa walisugua stika kwa matambara, kicheko baada ya kicheko, na waliokwisha kuvaa wakapita mmoja mmoja katikati ya vyuma viwili vya kujifunzia kutembea. "Mimi wangu nimeusugua mpaka nikamtoa macho," mwashi akasema. "Na ubunge akaupapase."

Mjomba aliporudi, bibi ndiye aliyekuwa katikati ya vyuma.

Alitazama stoo. Tupu. Alitazama miguu. Safi.

"Vueni," alisema. "Kesho mtavalishwa tena, mbele ya watu."

Jozi alinyoosha mguu wake mpya mbele ya Mjomba.

"Mzee, njoo univue wewe."

Mjomba hakusogea. Alimgeukia Fundi. "Kesho Mheshimiwa atakabidhi nini?"

"Amechangia viti. Akabidhi viti."

Mwashi aliangua kicheko. Mjomba akapandwa na hasira.

"Huna kazi hapa kuanzia leo. Nipe funguo. Mama yako angekuwa hai angeona aibu!"

Hilo lilimwingia Fundi.

"Angekuwa hai ungemwambia nini, Mjomba? Kwamba mwanawe ulimziba mdomo ili Mheshimiwa wako apate nafasi ya kusema?"

Alifungua funguo kwenye aproni, akaziweka kwenye kiganja cha mtu aliyemlea. Kiganja kilikuwa na jasho. Zilikuwa funguo za karakana yote, na hakuwa na karakana nyingine ya kwenda.

"Ila utangoja kufunga," alisema. "Bibi huyu hajafika mwisho."

Akarudi kwenye vyuma, akarudi nyuma hatua moja, akamnyooshea bibi mikono bila kumgusa. Bibi alimwangalia Mjomba, aliyesimama na funguo zake mlangoni.

"Mjukuu wangu, huyo ndiye wa kumshukuru?"

"Hapa hakuna wa kushukuriwa, Bibi. Mguu ni wako. Tembea."