Butiki ya Nini, Papa Athanase?

...misumari, njo nitamujibu karani Edmond, misumari na kamba na kufuli za mulango, musumari hauingie mu kinywa ya mutu, hauingie mu tumbo ya mutoto, nani ataogopa musumari, nitasema misumari na mambo iishe, lakini huyu Léonard aende polepole jamani, wembe iko baridi hapa nyuma ya shingo, na mimi nimekaa mu kiti yake katikati ya Masisi centre, jua yote hii, mbele ya wamama wote wa soko, mimi Athanase, Muhunde wa kwanza kukaa kwa kinyozi huyu wa Kinyarwanda tangu vita, nani alinituma? Constance njo alinituma, alisema bwana wangu hauwezi kuenda ku biro na kichwa sawa kichaka, karani atakupa chumba ya duka namna gani, na kinyozi mu centre iko mumoja tu, eh, ni rahisi kwake, shingo haiko yake, basi nimekaa, nimefungwa kitambaa, na saa sita Edmond atafungua kitabu yake kubwa pale ku biro na kuniuliza, Papa Athanase, butiki ya nini? kama sina jibu chumba inapewa mwingine, alisema waziwazi, leo ao basi, na chumba kama ile sitapata tena, milango mbili zinaangalia barabara, bati mupya, kila mutu anayetoka Walikale ao anayepanda kutoka Kirotshe lazima apite pale... "Uko unatetemeka, Papa," anasema Léonard, "ni maji baridi?" ni maji, ninasema, ni maji tu.

Constance anataka chumvi, chumvi na vitambaa, anasema chumvi kila nyumba inanunua, ndiyo, inanunua, lakini kwa nani? miaka mbili tu tangu sisi wa Kihunde na wao wa Kinyarwanda tuchomeane nyumba, watu waliokuwa wanaazimana moto ya jikoni, leo nani kati yao atabeba chumvi kutoka mu mukono yangu aitie mu mboga ya sombe ya watoto? wanasema sumu inafichwa chini ya ukucha, mutu anakupa kikombe na kidole iko ndani kidogo, umekwisha, na sisi tunasema vile vile juu yao, Mungu anasikia, juma iliyopita ku ubatizo kule kwa jirani Dorothée tulikaa na vikombe vya kasiksi, pombe ya ndizi, mu mikono, tunaangalia chini, hakuna anayekunywa, mupaka Dorothée alichota, akanywa yeye wa kwanza, akameza, akafungua kinywa tuone, zamani mwenye pombe alikuwa anaonja mbele ya wengine juu ya heshima, tunacheka, tunamwambia usitumalizie, na siku ile hakuna aliyecheka, tulikuwa tunaangalia koo yake, kama pombe inashuka kweli... ndiyo maana misumari, akili yangu iko vizuri, misumari, nakaa nyuma ya meza yangu, wanakuja, wanaenda, hakuna anayehitaji kuniamini.

"Misumari?" anasema Léonard, kumbe nimesema kwa sauti, ao ameniuliza na nimejibu bila kujua, "misumari, Papa? wewe uliyepikia muzungu wa kahawa miaka kumi na moja?" na anageuza kichwa yangu na vidole mbili, vidole vyake viko na joto, wembe inakwangua juu ya sikio, krr, krr, sabuni inaniingia mu jicho na siipanguse, sitaki kusogea, ndiyo, nilipika, mupaka mwaka wa dipanda, ule wa uhuru, muzungu alipanda gari yake na mbwa yake na hakuniaga hata kidogo, na chai yangu, ile ya maziwa na tangawizi, watu walikuwa wanapanda kilima Siku ya Mungu baada ya misa kuikunywa kwangu nyumbani, yeye Léonard, na Vestine bibi yake, na kaka yake mukubwa, Damien... usitaje Damien, Athanase, usimufikirie Damien mu kiti hii... Damien alikuwa anaweka vijiko ine vya sukari, nne nzima, alikuwa anasema maisha iko chungu ya kutosha, na anacheka peke yake.

Anajua? hajue, angejua asinge... lakini nani anasema hajue, kinyozi anasikia yote, kila kichwa ya centre inapita hapa, na mimi nimemuletea yangu, mujinga gani mimi, anaweza kusema mukono umeteleza, Papa alikuwa anatetemeka, wote wameona, wamama wa soko watashuhudia, alitetemeka tangu mwanzo... mbele ya kunigusa alifanya ile desturi yake ya sasa, alikunja shati, akapitisha wembe ku mukono yake mwenyewe, mara mbili, taratibu, akanionyesha, angalia Papa, haina kitu, anafanya vile kwa kila mutu, asubuhi mupaka jioni, na mukono yake yote imebaki bila nywele hata moja, laini sawa ya mutoto, na vidonda vidogo pale karibu na kiwiko, hakuna aliyemuomba, hakuna, ni yeye tu, njo namna alivyorudi mu centre, watu walianza kukaa mumoja mumoja, kwanza wa kwao, kiisha watu wa mission, na leo mimi.

Na wakati wa vita, ku bariyere iliyofunga njia ya Kalembe, mimi nilikuwa nimesimama na Wahunde wengine, na fimbo mu mukono, sikupiga mutu, naapa, sikupiga, Damien alifika na kuku mbili chini ya kwapa, mukubwa wa bariyere alisema kama kuna mutu anamujua huyu aseme, apite, ilikuwa neno moja tu, ninamujua, anakunywa chai kwangu, anaweka sukari ine, na mimi niliangalia miguu yangu, na yeye aliniona, kabisa, aliniona na hakuniita, angeweza kusema Papa Athanase unisemee, hakusema, hakutaka kuniingiza, wakamushusha ku muto, hakupanda tena, na wale kuku walipikwa jioni, walinipa paja moja, nilikula, mimi, nilikula mupaka mufupa, na hakuna aliyeonja mbele yangu siku ile, hakuna aliyeogopa sumu.

Krr, krr, mama mumoja anagombana juu ya sombe, jua imefika ku bati ya biro, saa sita iko karibu, misumari, sema misumari, Athanase, uondoke, lakini ninaona mukono yake ikipita mbele ya uso yangu, ile ngozi tupu, na nasikia kinywa yangu inasema, "Chai."

"Nini, Papa?"

"Nitaandikisha chai. Chai ya maziwa na mikate."

Wembe inasimama. "Nani atakunywa kwako?" anauliza, hana hasira, anauliza tu, sawa mutu anayeuliza kama kutanyesha, na ninasema nitaonja mbele, kila kikombe, mbele ya macho ya mwenyewe, hata kama tumbo itapasuka, na ninamusikia anapangusa wembe ku suruali, upande moja, upande ingine, na ningenyamaza pale, ilikuwa inatosha, mutu mwenye akili angenyamaza, lakini mutu anaonjaje mbele ya wengine na ile ingine iko ndani inaoza, "Léonard," ninasema, "ku bariyere, siku ile ya Damien, nilikuwa pale. Waliuliza nani anamujua. Nilinyamaza."

Mama wa sombe bado anagombana. Wembe iko pale pale, nyuma ya sikio, sijue kama inagusa ngozi ao ni baridi yake tu, nimefunga macho, Constance, nilikuambia, chukua chumvi yako, na Edmond aandike anachotaka...

"Ninajua, Papa," anasema Léonard, "ninajua tangu mwaka juzi," na alijua basi wakati anakunja shati, alijua wakati anapitisha wembe ku mukono yake mara mbili ili mimi, mimi, nisiogope, "inamisha kichwa," anasema, "upande huu bado," na ninainamisha.