Dume la Ambindwile Lisilozaa Madume

Jirani yetu Ambindwile anadai dume lake halijui kuzaa madume. Anasema mwaka jana lilipanda ng'ombe wanne hapa Kyimo, na wote wakazaa majike, kana kwamba waliambizana. Siku hizi hata kulisogelea dume lile unatanguliza mkungu wa ndizi.

"Mlete wako, mwanangu," akaniambia. "Ukifika nyumbani chagua kabisa jina la kike."

Alijua pa kunishika. Ng'ombe wangu nilipewa na kikundi chetu cha wanawake, na ndama jike wa kwanza ni wa anayefuata, Siham. Nikishamtoa huyo, mama mtu anakuwa wangu. Ila amezaa dume mara mbili. Akizaa la tatu, sheria ya kikundi ni ninyang'anywe, kwa uzembe wangu. Uzembe gani? Labda nilitakiwa kumsomesha.

Mvua ikanifungia ndani, nikachukua sarafu. Upande wa kichwa ni dume, wa mnyama ni jike. Nikawa nairusha mara nne nne, naandika kwa mkaa ukutani. Nyingi zilikuja zimechanganyika. Lakini mnyama mara nne mfululizo naye alikuja, na sarafu haijala ndizi ya mtu. Nikapanga njia zote za ndama wanne: kumi na sita. Wawili kwa wawili, njia sita. Majike watupu, moja. Basi penye wenye madume kumi na sita, ndama wanne wanne, usishangae mmoja akiibuka nabii. Sisi wetu kashaibuka.

Nikapanga na za ndama watatu: njia nane, madume watupu moja. Hiyo ikanitoa mbio hadi kwa mwenyekiti wa kikundi, Winfrida. Nikamkuta nabii mwenyewe, Ambindwile, kakaribishwa mtindi.

"Mama mwenyekiti, kila wanawake wanane, mmoja hivi atapata madume matatu, hata afunge na kuomba. Sisi tuko ishirini na wanne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtawanyang'anya kama watatu wasio na kosa."

Ambindwile akacheka, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu! Sarafu nayo inazaa?"

"Haizai, baba. Wala haidai mkungu."

Winfrida akakohoa. "Wewe si umeshapata mawili? La tatu lazima liwe jike."

"Ng'ombe hakumbuki alichozaa mwaka juzi, mama. Safari hii ni nusu kwa nusu, vilevile. Naomba sheria iniongezee uzao mmoja."

Winfrida akamtazama Ambindwile. Ambindwile akaitazama mvua. "Tafuta kwanza mkungu wa ndizi," akasema mwenyekiti, akanyanyua kibuyu, akamwongezea mgeni wake mtindi.