Harusi ya Cheni Mpya

Usiku wa jana niliota namwozesha cheni mpya ya pikipiki yangu, na mimi ndiye niliyekuwa baba wa bibi harusi. Jambo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nimevaa koti la suti na tai, na miguuni sina viatu, na wageni wote walikuwa wananitazama usoni tu, kwa adabu.

Kabla sijaendelea, nieleze habari ya mchana wa jana, maana ndoto haiji bila kualikwa.

Juma lililopita cheni ya zamani ilikatika kwenye mteremko wa mtoni, mke wangu akiwa nyuma yangu amepakata kuku. Hakuumia mtu. Kuku alipotea. Mama Gaudensia alijikung'uta vumbi, akafunga kitenge chake upya, akasema, "Baba Gaudensia, safari ijayo nitapanda ya Nyaulingo."

Nyaulingo ni dereva wa bodaboda hapa kwetu Matogoro. Yeye ni Mhehe, mimi ni Mngoni. Babu zetu walichomana mikuki, kwa hiyo sisi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukucheka mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Sasa leo mjukuu wetu Skolastika anafunga ndoa Peramiho. Fikiria mwenyewe: mke wangu anafika kanisani juu ya bodaboda ya mtani wangu, na mimi nafuata nyuma na kiti kitupu! Nyaulingo angelisimulia jambo hilo mpaka siku anachimba kaburi langu, na angelisimulia akiwa ndani ya kaburi, maana watani ndivyo wafanyavyo.

Kwa hiyo nilinunua cheni mpya na sproketi zake mbili, yaani yale magurudumu ya chuma yenye meno ambayo cheni huyazunguka. Nikatandika gunia uani. Fundi nilimkataa, mtu aliyesoma shule ya usiku hadi akapata cheti hashindwi na kitu chenye maelezo kwenye boksi. Sproketi kubwa ya nyuma nikaifunga. Cheni nikaipitisha. Lakini sproketi ndogo ya mbele, ile iliyojificha ubavuni mwa injini, nati yake ilikataa. Nikivuta spana, gurudumu linazunguka nayo. Nikivuta zaidi, pikipiki nzima inanifuata kama mbuzi.

Mama Gaudensia alichungulia dirishani. "Nikusaidie?"

"Hii ni kazi ya mtu mmoja," nikamjibu.

Kisha nikaitazama ile sproketi ndogo vizuri, nikaona meno bado inayo. Imekaa pale tangu pikipiki ikiwa mpya. Kwetu mzee hanyanyuliwi kitini kwa sababu tu vijana wamefika. Nikaiacha, nikanawa mikono, nikala, nikalala. Mama Gaudensia alilala akiwa bado ameapa kwamba Nyaulingo atamfuata asubuhi.

Haya. Ndoto.

Jua linawaka uani. Spana zimeketi kwenye viti vya kukodi, ndogo mbele, kubwa nyuma, ili kila moja ione. Mshereheshaji ni bisibisi. Koleo linapiga makofi mfululizo, maana halijui kufanya kitu kingine.

"Bibi harusi yuko wapi?" nauliza.

"Bado yumo ndani ya boksi," anasema bisibisi. "Anapakwa mafuta."

Anatoka. Ni mrefu kuliko nilivyotarajia, na anang'aa, na anatembea kwa kujimwaga chini pingili kwa pingili. Mbele yake anatangulia mshenga. Mshenga wa cheni ni kile kiungo kidogo cha kufungia, chenye klipu mgongoni, nacho hakigeuzi shingo.

"Karibu, mshenga," nasema nikiwa nyuma yake.

"Njoo mbele usalimie," anajibu bila kugeuka. "Mimi natazama kule tunakokwenda tu. Siku nikitazama nyuma, ndoa inafunguka."

Nikazunguka mbele, nikamsalimia. Ni mtu wa kazi.

Akaja mama mkwe, sproketi kubwa, mpana, wa rangi ya dhahabu. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko mwanawe, kwa sababu alitoka kiwandani mwaka huu. Hakuna aliyelisemea hilo, ni mambo ya familia yao.

Mwisho akaja bwana harusi. Alikuja kwa mkongojo. Ni sproketi yangu ndogo ya zamani.

"Shikamoo," nikamwambia. Ilinitoka tu.

"Marahaba, mwanangu," akanijibu, na akatabasamu. Meno yake yote yalikuwa yamelalia upande mmoja, kama mahindi yaliyopitiwa na upepo.

Shangazi wa bibi harusi, ambaye ni rula ya mbao, akambinya mwali kiunoni mbele ya watu. "Aachiwe vidole viwili vya kupumulia," akatangaza. "Mkimbana, atakatika. Mkimlegeza sana, ataruka ukuta."

"Bibi harusi," akasema bisibisi, "maisha yako yote utatoka kwa mumeo kwenda kwa mama mkwe, na kutoka kwa mama mkwe kurudi kwa mumeo. Umekubali?"

"Na kwetu nitarudi lini?"

"Ukichakaa."

Wageni wakapiga vigelegele. Mimi nikafuta chozi kwa kitambaa cha grisi.

Nilipokishusha kitambaa, ua umekuwa darasa. Ni darasa letu lile la elimu ya watu wazima, na madawati yale yale ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu ni pampu ya upepo. Kila sentensi anaivuta kwanza, ndipo anaisukuma.

"Desideri Luambano! Ssss. Simama. Ssss. Cheni mpya. Sproketi kubwa mpya. Sproketi ndogo ya zamani. Kipi hakiendi na wenzake?"

Nikasimama nikafunga kifungo cha koti. "Mwalimu, swali lina kasoro. Vyote ni vyuma, na mzee ni hazina."

Darasa zima likacheka, hata ubao ukacheka, chaki zikaanguka.

"Kaa chini," akasema mwalimu. "Ssss. Utajibu njiani."

Nikakaa. Dawati lilikuwa laini. Lilikuwa kiti cha pikipiki yangu, na tayari tunashuka mteremko wa mtoni kwa kasi, wageni wote wanakimbia kandokando wakiimba. Nyuma yangu yupo Mama Gaudensia, amevaa kitenge cha harusi ya leo na viatu vya ngozi, amepakata yule kuku aliyepotea.

"Huyu umempata wapi?"

"Nilikuwa mbele yenu," akajibu kuku mwenyewe. "Nimekuja kwa miguu. Ni salama zaidi."

Katikati ya barabara amelala mtu, amejinyoosha kama gogo. Ni Nyaulingo. Watani hawakosi harusi.

"Hapiti mtu!" anapaza sauti akiwa chali. "Mngoni gani anaozesha binti bila kumlipa Mhehe ushuru wa barabara? Toa kitu!"

"Unataka nini, mtani?"

"Meno."

Mtani akidai, hupewa. Huo ndio utani, na mimi si mtu wa kuvunja mila. Nikavua meno yangu ya bandia, nikampa. Nyaulingo akayapangusa kwenye shati, akayainua juani akayatazama kama mtu anayenunua miwani, kisha akampa bwana harusi. "Vaa, babu. Mng'ate mkeo tuone."

Bwana harusi akayavaa. Yalimkaa vizuri, sitaki kusema uongo. Akafungua mdomo, akamng'ata bibi harusi.

*Krra!*

Cheni ikaruka jino. Pikipiki ikashtuka, na Mama Gaudensia akapaa. Akabaki hewani, juu kidogo ya kichwa changu, ameketi vile vile, kuku mapajani, mkoba begani.

*Krra!* Akapanda hadi usawa wa mkaratusi.

*Krra!*

"Baba Gaudensia!" anaita kutoka juu. "Naliona paa la Nyaulingo! Bati lake limetoboka!"

"Sasa huo si utani," akasema Nyaulingo, akaketi.

Mimi nilicheka. Nakiri ilikuwa raha kubwa kucheka bila meno, hakuna kinachozuia. Wageni wakacheka, koleo likapiga makofi, mto kule chini ukacheka. Halafu nikamwona mshenga. Shingo yake ilikuwa imeanza kugeuka. Kidogo. Kila cheni ikiruka, inageuka kidogo zaidi.

"Mshenga, tazama mbele!"

"Nataka," akasema kwa meno yaliyoumana. "Lakini wananitikisa."

Mteremko unazidi kuwa mrefu. Mto unazidi kusogea. Na mke wangu yuko juu ya miti, ameshikiliwa na ile cheni tu, kwa namna ambayo siwezi kuieleza lakini katika ndoto ilikuwa dhahiri.

Bibi harusi akaniita akiwa anazunguka. "Baba! Umeniozesha kwa mzee!"

"Ni mtu wa heshima," nikamjibu. Nilijibu bila meno lakini kwa sentensi kamili.

"Heshima haishiki cheni, baba!"

Hapo bwana harusi akayavua mwenyewe yale meno yangu, akanirudishia mkononi. "Desideri," akasema, "nimekuvuta wewe na familia yako kwenye mteremko huu masika na kiangazi. Nani alikwambia kwamba sitaki kukaa kivulini?"

"Nilidhani kukuondoa ni kukufukuza."

"Kunifukuza ni kuniacha hapa nimtafune mtoto wa watu mbele ya wageni."

Nikavaa meno, nikashika spana, nikaitia kwenye nati, nikavuta.

"Sitoki," ikasema nati.

Nikavuta kwa nguvu zote. Gurudumu likazunguka. Barabara ikazunguka na gurudumu. Matogoro ikazunguka na barabara. Nyaulingo akapita chini yangu ameketi vile vile, akanipungia mkono, akapita tena.

"Unazungusha dunia, mzee," ikasema nati. "Mimi hunizungushi."

"Sasa unataka nini?"

"Gurudumu lishikwe. Breki ikanyagwe, wewe ndipo uvute. Mkanyagaji wako yuko wapi?"

"Hii ni kazi ya mtu mmoja," nikasema.

Nati ilicheka mpaka ikadondosha kutu.

*Krra!* Shingo ya mshenga imebakiza upana wa unyoya. Nikainua uso. Mama Gaudensia sasa ni mdogo kama shomoro, lakini mkoba wake nauona.

"Mama Gaudensia!"

"Abee!"

"Njoo... njoo unikanyagie breki!"

"Umesemaje?"

"Nimesema, kama una nafasi..."

"Sema kwa sauti! Huku kuna upepo!"

Spana zikainama mbele kwenye viti vyao. Nyaulingo akaweka kiganja sikioni, mtani kamili.

"NISAIDIE!" nikapiga kelele, na sauti ikaenda mpaka ng'ambo ya mto, ikarudi, ikanipita.

Mama Gaudensia akamkabidhi kuku mkoba. Akavua viatu vyake vya ngozi, akaviacha hewani vimepangana. Kisha akashuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake, na kwa mguu wa kulia, mtupu, akaikanyaga pedali ya breki.

Gurudumu likasimama. Barabara ikasimama. Matogoro ikakaa mahali pake.

"Ahsante, mama," ikasema nati, na ikafunguka kama kifuniko cha soda.

Yule mzee akaniangukia kiganjani. Alikuwa na joto la moto wa jana na mwepesi kuliko nilivyofikiri. "Niweke dirishani," akaninong'oneza, "niwe naona wanaopita."

"Na mume wangu?" akauliza bibi harusi, maana wageni walikuwa bado wamekaa na pilau linapoa.

Nikatia mkono mfukoni mwa koti. Mle ndani mlikuwa na sproketi ndogo mpya, kijana, meno yamesimama wima yote.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," nikamjibu, na kifua changu kikapanda. "Mama Gaudensia, shikilia hapo hapo, nakaza."

Honi ikalia.

Ililia tena, nami nikafumbua macho. Jua limeingia chumbani. Nje ya ua, Nyaulingo alikuwa juu ya bodaboda yake, anaita kama kawaida yake: "Mama! Panda twende, mzee atatukuta Peramiho jioni, anasukuma!"

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu. "Rudi, mtani. Leo napanda ya mume wangu."

"Ya Mngoni? Umeaga watoto?"

"Nimesema rudi. Na ukaziba bati lako, masika inakuja."

Halafu Nyaulingo, kwa sauti ya mtu aliyeguswa: "Nani amekwambia habari za bati langu?"

Nikachukua meno yangu kwenye kikombe, nikayavaa, nikatoka. Mama Gaudensia alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kitenge cha harusi mwilini, viatu vya ngozi pembeni vimepangana. Alikuwa anasugua unyayo wa mguu wake wa kulia kwa sabuni na jiwe, na povu lilikuwa jeusi.

"Sijui ni kitu gani hiki," akasema. "Hakitoki."

Nikainama kutazama. Ilikuwa mistari ya grisi, mifupi, imelala sambamba katikati ya unyayo. Naijua mistari hiyo. Ndiyo ile iliyochongwa kwenye pedali ya breki ya pikipiki yangu ili mguu usiteleze.

Nilikwenda kwenye boksi, nikaitoa ile sproketi ndogo mpya, nikachukua na spana. Nikasimama mbele ya mke wangu, nikakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusoma hotuba.

"Mama Gaudensia," nikasema, "kabla hatujaondoka, naomba unisaidie. Njoo unikanyagie breki."

Akaacha kusugua. Akainua macho.

"Tena?" akasema.