Trela la Ziada

Jumatatu saa mbili asubuhi malori matatu yalipangwa mbele ya mizani ya kampuni, pua zikiangalia mlima. La kwanza lilikuwa la petroli, jipya, viti vyake bado vimefunikwa nailoni. La pili lilikuwa la dizeli, jipya pia, lenye kioo cha kompyuta mbele ya dereva. La tatu lilikuwa dizeli kuukuu la kampuni yenyewe. Lilikuwa na miaka thelathini na moja, na mlango wake haukufungika mpaka upigwe nyonga.

Kampuni ilihamisha mitambo mizito. Mkurugenzi alitaka kujua ni lori lipi linavuta vizuri kabla hajaagiza mengine, na kazi ya kuandika majibu alimpa mwanamke aliyesimamia mizani, ambaye wote walimwita Mama Mizani. Kila lori lingevuta trela lile lile, lenye katapila lile lile la tani nane, mpaka kwenye tangi la maji juu ya mlima na kurudi. Dereva angekuwa mmoja kwa yote, jamaa mkimya aliyeitwa Taratibu kwa sababu katika miaka ishirini hakuwahi kumpita mtu barabarani.

Mama Mizani hakuliamini zoezi lile, kama ambavyo hakuamini lolote lililotoka ofisini. Mdogo wake wa kiume alikufa kwenye mlima huo huo miaka minne iliyopita, akishuka na trela la kampuni. Ripoti ilisema alisinzia. Ilisema breki zilikuwa nzima. Ilisema pia kwamba trela lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu siku iliyofuata, kabla dada mtu hajapata nafasi ya kuliona. Mama Mizani hakuwahi kusikia mtu anayesinzia saa nne asubuhi baada ya vikombe viwili vya chai mezani kwake. Tangu hapo alipima kila neno lililosemwa pale uani, na mengi aliyaona mepesi.

Lori la petroli lilipanda kwa dakika kumi na moja. Lilikuwa na nguvu za haraka na sauti ndogo, ila lilikunywa mafuta kwa pupa, na kwenye mteremko Taratibu alikanyaga breki njia nzima akarudi na harufu ya kuungua. Dizeli jipya lilichukua dakika kumi na mbili na nusu. Halikuhema, na wakati wa kushuka lilijizuia lenyewe kwa injini. Kompyuta yake ililia mara moja kwamba chujio la moshi linataka kusafishwa, ikanyamaza. Muuzaji wa magari, bwana mwenye tai fupi, alitabasamu kila liliporudi lori lake.

Dizeli kuukuu lilipanda kwa gia ya pili, dakika ishirini na tatu, moshi mweusi ukining'inia juu ya barabara kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Sindano ya joto ilisimama chini kidogo ya alama nyekundu. Liliporudi lilikuwa na matrela mawili.

La kwanza lilikuwa la jaribio, na katapila lake. La pili lilikuwa nyuma ya hilo, tupu, lina kutu, limebonyea ubavu wa kushoto. Halikufungwa kwa pini wala mnyororo. Lilifuata tu, likaacha nafasi ya kutosha, likasimama wenzake waliposimama.

"Nimeliona kwenye kioo pale kona ya tatu," Taratibu alisema aliposhuka. "Nikapunguza gia."

Muuzaji aliuliza kama hilo la pili nalo linahesabiwa kwenye zile tani nane. Mama Mizani akasema hapana. Kwenye safu ya maoni aliandika: *Limerudi na trela la ziada.* Kisha akatoka kibandani kwenda kusoma namba ya trela hilo, ingawa aliijua kwa moyo tangu ile ripoti.

Aligusa matairi, moja baada ya jingine. Yalikuwa ya moto. Akapitisha mkono ndani ya rimu akagusa ngoma za breki, na zote zilikuwa baridi kama sakafu ya bafu. Trela lilikuwa limeshuka mlima mzima bila breki hata moja kushika. Akalala chali chini ya trela. Mpira wa kupeleka upepo kwenye breki ulikuwa umekatwa na kuzibwa kwa bolti, na bolti imefungiwa kwa waya wa shaba uliosukwa mikia mitatu. Pale karakana ni mtu mmoja tu aliyesuka waya hivyo.

Fundi mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, akifuta mikono isiyokuwa na grisi.

"Fundi, njoo uguse hapa."

"Nimeshaona kwa macho."

"Macho hayapimi joto."

"Nina kazi, mama."

Mama Mizani akamgeukia Taratibu. Huyo pia alikuwa akimshuku kwa miaka yote minne, hata siku walizokula sahani moja.

"Wewe ndiye uliyesaini kwamba breki zilipimwa."

"Nilisaini, dada."

"Ulizipima?"

"Karatasi ililetwa pamoja na kalamu."

"Ililetwa na nani?"

Taratibu alitazama dirisha la ofisi, ghorofani. Pazia lilitikisika, likatulia.

Mkurugenzi alishuka. Alilizunguka trela mara mbili, akapiga teke tairi moja. Alisema jaribio lirudiwe, kwa kuwa matokeo yameingiliwa. Trela lenye kutu likapelekwa nyuma ya karakana, magurudumu yakawekewa mawe. Dizeli kuukuu likapanda tena, likarudi nalo. Kule nyuma yalibaki mawe. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano Mkurugenzi alipanda mwenyewe, akakaa kando ya dereva, na alipoulizwa ameona nini akasema barabara ina vumbi.

Jioni hiyo Mama Mizani alimpigia simu mama yao.

"Hakusinzia," alimwambia.

"Mimi nilisema alisinzia?" mama yake akajibu.

Alhamisi aliomba ruhusa, akaenda kumleta mkaguzi wa magari. Mkaguzi alikuja na faili. Alilitazama trela kwa heshima, akalinganisha namba, akaigonga bolti kwa kalamu.

"Namba hii ilifutwa," alisema. "Trela hili halipo."

"Si hilo umelishika?"

"Nimelishika, mama. Ila siwezi kukagua kitu kisichokuwapo. Nikikikagua, itabidi niandike nani alikifuta."

"Basi andika."

Mkaguzi alifungua ukurasa wa mwisho, akaitazama saini iliyokuwa chini, ambayo ilifanana sana na yake. Akafunga faili. Alishauri lisiachwe barabarani.

Mama Mizani alirudi kibandani akakaa. Miaka yote alikuwa akidhani kwamba ushahidi ukipatikana, yanayofuata hujileta yenyewe. Sasa ushahidi ulikuwa uani, una urefu wa mita kumi na mbili, na watu walikuwa wanauzunguka kwenda kunywa chai.

Kampuni ilichagua dizeli jipya. Sababu iliyoandikwa ni kwamba linavuta kile tu kilichofungwa, na muuzaji aliipenda sentensi hiyo akaichapisha kwenye vipeperushi vyake. Dizeli kuukuu liliuzwa kwa mchimba kokoto wa mbali, kwenye nchi tambarare. Taratibu aliomba kwenda nalo, akakubaliwa upesi kuliko alivyotarajia.

Trela lilibaki. Fundi mkuu alilinyoosha ubavu, akalipaka rangi ya kijani, likaandikishwa kwa namba mpya. Chini hakugusa kitu. Lilipopita kwenye mizani na mzigo wake wa kwanza, mizani ilisoma uzito wa lori peke yake. Mama Mizani akalirudisha, likapita tena, majibu yakawa yale yale. Mkurugenzi alipoarifiwa alifurahi, akaagiza liongezewe mzigo.

Dereva wa lori jipya alikuwa mgeni pale kazini, na pete yake ya ndoa ilikuwa bado ngeni kidoleni. Aliizungushazungusha akisubiri fomu dirishani.

"Hili trela breki zake zikoje?" aliuliza.

"Ziko sawa," fundi mkuu alijibu kutoka mlangoni.

"Hazina upepo," alisema Mama Mizani. "Mpira umezibwa. Lilimuua mdogo wangu."

Dereva alimtazama mmoja, kisha mwingine, kisha funguo zilizokuwa mkononi mwake. Nyuma, lori lingine lilipiga honi.

"Mama," alisema, "hii ndiyo wiki yangu ya kwanza."

Alichukua fomu, akapanda. Kitufe cha kuinua kizuizi cha lango kilikuwa mezani pa Mama Mizani, naye aliiweka mikono yake mapajani. Fundi mkuu aliingia ndani, akasema samahani, akanyoosha mkono mbele yake na kukibonyeza. Lori likauanza mlima bila moshi, na trela la kijani likafuata, safari hii limefungwa vizuri kwa pini.