Mikono ya Pai

Kila mwaka, kidato cha tano kilipofika kwenye bondi za sigma na pai, Mwalimu Cresensia alimwita mumewe. Thomasi alifundisha kilimo katika shule hiyo hiyo, pale Karatu. Kemia hakuijua, wala hakujidai kuijua. Alichokuwa nacho ni mikono mirefu, na mikono ndiyo iliyotakiwa. Alikuja na gamboti zake zimeganda udongo mwekundu wa shamba la shule, na wanafunzi wakaanza kucheka kabla hajafungua hata mdomo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mke na mume walisimama ubavu kwa ubavu wakilitazama darasa, hatua moja kati yao, wakashika mpini wa fagio usawa wa kiuno, kila mmoja ncha yake.

"Sisi ni kaboni mbili," Cresensia alisema. "Mpini huu ni sigma. Wingu langu la elektroni na wingu lake yamekutana hapa katikati, kwenye mstari mmoja. Sasa mtazameni Mwalimu Thomasi."

Thomasi aliinama mpaka pua ikakaribia magoti. Cresensia alibaki wima. Mpini ulizunguka tu ndani ya ngumi zao, haukukatika wala kuchomoka.

Kisha ikaja sehemu waliyoisubiri wote. Ile mikono mingine miwili waliipitisha juu ya vichwa ikashikana, na chini kiatu kikagusana na kiatu. "Kila kaboni imebaki na wingu moja lililosimama wima, nusu juu, nusu chini," Cresensia alisema. "Yakigusana ubavuni, juu na chini, hiyo ni pai. Ni bondi moja, msije mkaandika mbili." Thomasi alijaribu kuinama tena. Mikono ikavutana, na Cresensia akainama naye kwa nguvu mpaka kilemba kikamdondoka. Darasa liliangua kicheko. "Mmeona? Penye pai, mmoja hawezi kugeuka peke yake. Ama wanageuka wote, ama mikono inaachia."

Hakuna aliyekosea swali hilo kwenye mtihani.

Mwaka 1982, mwezi wa tatu, mtoto wao Eunike alikufa kwa surua. Alikuwa na miezi saba na meno mawili.

Walimzika Endamarariek, nyumbani kwa kina Thomasi. Udongo haujakauka, baba mkwe akamwita mwanawe kando. Wairaqw wa zamani wana jambo wanaloliita metimani: mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya hutengwa, asije akawaambukiza wengine mkosi wa kifo kwa kuwagusa. Hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hapokei kitu mkono kwa mkono, hagusi mtu, na mumewe hulala kwingine mpaka wazee waseme imetosha. Cresensia alikuwa mjukuu wa katekista wa Mbulu, metimani aliisikia kwenye hadithi za bibi tu. Padri alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini mke wa mdogo wake Thomasi alikuwa mjamzito, na mzee akasema wazi kwamba mimba ile ikiharibika, Thomasi ndiye atakayeulizwa.

Thomasi akapanga chumba mjini.

Hakumtupa mkewe, hilo lazima lisemwe. Kila Jumamosi alileta unga na mafuta ya taa. Hata sukari alileta, mwaka ule ambao sukari watu waliisahau ladha yake. Aliviweka mlangoni, akabisha, akarudi nyuma hadi kwenye ua na kusimama hapo mpaka mke atoke avichukue. Jamani, mtu amezika mtoto, halafu anawekewa chakula mlangoni kama mwenye ukoma! Cresensia alichukua, akasema ahsante, akaingia ndani akalia huku amekaa juu ya gunia la unga. Sukari ile yote angeimwaga njiani kwa mkono mmoja tu uwekwe mgongoni pake. Masista wa parokia walimshika mkono, naye Padri alimshika. Mikono hiyo haikuwa ile aliyoitaka.

Wiki ya saba baada ya mazishi, kidato cha tano kikafika kwenye sigma na pai.

Angeweza kufundisha bila mtu, na kweli alijitayarisha: viazi viwili vimechomekwa kwenye kijiti kimoja, na vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kimoja juu na kingine chini, vimeshikiliwa kwa misumari midogo. Hata hivyo, ofisini kwa walimu aliweka karatasi mezani mbele ya Thomasi: *Kesho, kipindi cha tatu. Sigma na pai.*

Thomasi aliisoma. "Nitakuja," akasema.

Basi Cresensia akapiga hesabu zake. Chumbani anaweza kukataa. Mlangoni ameshakataa. Lakini mbele ya watoto arobaini, wanaojua kabisa kinachofuata, atakataaje? Mikono ikishashikana mara moja, imeshashikana. Atakuwa ameigusa metimani yake, na hapo hakutakuwa na cha kuogopa tena, atarudi nyumbani. Asubuhi yake alivaa gauni la bluu ambalo hakuligusa tangu msiba.

Thomasi aliingia na gamboti zake. Safari hii hakuna aliyecheka. Alichukua ncha yake ya mpini, Cresensia akashika ya kwake, akasema maneno ya kila mwaka kuhusu kaboni mbili. Sauti yake ilikuwa nzima. Kisha akainua mkono, akaupitisha juu ya kichwa, akangoja.

Mkono wa Thomasi ulibaki mfukoni.

"Mama Eunike," alisema polepole, "usinifanyie hivi mbele ya watoto."

"Ni somo tu, Baba Eunike."

"Siyo somo. Na wewe unajua."

Mkono wa Cresensia ulikaa hewani mpaka ukaanza kuuma. Wanafunzi waliotoka Endamarariek walitazama madaftari yao. Wengine hawakuelewa. Mwishowe aliushusha.

"Haya," akasema, "tazameni sigma tena."

Akainama. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na alipofika huko chini hakuweza kuinuka. Mabega yalimtikisika, machozi yakadondokea saruji. Mpini ulizunguka ndani ya ngumi ya Thomasi. Naye alisimama wima, akiutazama ukuta wa nyuma ya darasa, machozi yakimshuka hadi kwenye masharubu, asiyafute. Hakuna kilichokatika.

Baada ya muda Senteu, kijana wa Ngorongoro aliyekaa dawati la mbele, aliuliza kwa upole, "Mwalimu, na pai?"

"Kuna viazi mezani," Cresensia alijibu akiwa bado ameinama. "Nareyu, zungusha kimoja."

Nareyu alikwenda, akakizungusha. Mipira ilivutika, ikakaza, kisha ikachomoka kwenye misumari, wa juu na wa chini kwa pamoja.

"Imeachia, Mwalimu. Kijiti bado kipo."

"Ndiyo. Pai ndiyo inayoachia kwanza. Andikeni."

Kalamu zikaanza kuandika. Cresensia aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja. Thomasi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama usoni. Kisha akachuchumaa, akaiweka ncha yake ya mpini sakafuni taratibu, ili asimpe mkewe kitu mkononi. Alirudi nyuma hatua mbili, akatoka nje.

Cresensia alibaki na ncha yake peke yake. Aliuvuta mpini, akaugeuza. Pale aliposhika Thomasi palikuwa bado na joto. Akapashika hapo hapo kwa mikono yote miwili mpaka kengele ikalia.