Sufuria ya Ijumaa

Cleopas Wangila alikuwa na siku nne tu Wandegeya, mtaa wa Kampala, alipomtia binadamu mwenzake mikononi mwa watu waliotaka kumchoma moto. Alifanya hivyo kwa neno moja, mwiko ukiwa bado mkononi.

Alikuwa mpishi. Si mpishi wa kofia nyeupe, bali wa hoteli ndogo za watu wanaokula haraka na kurudi kazini. Alizaliwa Bungoma, akaacha shule darasa la sita, akawapikia wachukuzi wa Nairobi miaka kumi na mmoja katika hoteli moja. Hoteli ile iliuawa na mlango wa nyuma. Leo kilo tano za nyama zimetoka, kesho gunia la mchele, na kila kitu kikipotea tajiri alimpiga mpishi makofi mbele ya wateja. Ilipofungwa, Wangila akavuka mpaka pale Busia akaja Kampala. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na alikuwa amechoka kupigwa makofi.

Hajati Maimunah alimpa kazi bila maswali mengi. Alikuwa mjane, Mnubi wa Kibuli, mwenye mikono minene na sauti ndogo. Hoteli yake ilikuwa na meza nane, juu kidogo ya soko, kati ya duka la kuchapia karatasi za wanafunzi na kinyozi. Asubuhi aliuza chai na gurusa, zile chapati laini za Kinubi. Mchana ulikuwa wa matoke, wali, posho, yaani ugali, maharagwe, na nyama iliyopikwa na bamia mpaka ikateleza yenyewe kooni. Wanafunzi wa chuo walijaa kuanzia saa sita. Waendesha boda boda wa stendi ya mbele walikuwa na meza yao dirishani, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuikalia.

Mkubwa wa meza ile alikuwa Obwona, Mwacholi mwenye shingo nene, ambaye hakuweza kula bila kutania sahani.

"Mkenya!" aliita Ijumaa ile. "Hii ni nyama ama kandambili?"

"Ni meno yako, ssebo," Wangila akamjibu, kwa lile "bwana" la Kiganda alilokwisha kujifunza. "Yamezeeka kabla yako."

Meza nzima ikacheka.

"Siku nne tu, una mdomo hivi? Maliza mwezi, tutakuoza Loice."

Loice, Mkenya mwenzake aliyehudumia meza, alikuwa akipita na sahani nne. "Mimi? Niolewe na vitunguu?"

"Basi mimi niko hapa, nyabo wangu," Obwona akadakia.

"Wewe una wake wawili na pikipiki ya mkopo. Kula, nyamaza."

Wangila alirudi jikoni akitabasamu. Aliona amefika mahali pa watu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemweleza. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia.

Kila Ijumaa baada ya swala, Hajati alitoa sufuria moja kubwa ya wali na nyama kwa mayatima waliosoma Kurani nyuma ya soko. Marehemu mumewe ndiye aliyeanzisha, naye alikuwa na msimamo: anayetoa asitazame, anayepokea asishukuru. Kwa hiyo sufuria iliwekwa karibu na mlango wa nyuma, watu wote wa jikoni wakaitwa mbele kwa kisingizio chochote, na mchukuaji akaingia, akaibeba, akaondoka bila salamu. Hata gunia alikuja nalo, la kuifunika, majirani wasijue kilichomo. Miaka tisa mambo yalikwenda hivyo, na mchukuaji alikuwa yule yule, Abdul-Latif, seremala mwembamba wa uchochoro wa pili, mtu wa maneno machache.

Saa saba na nusu Hajati akaita, "Wangila, njoo mbele unishikie hizi sinia."

Wangila akaenda, akashika sinia. Kisha akanusa maharagwe yakishika chini, akaziweka mezani, akarudi jikoni mbio na kushika mwiko.

Akamkuta mtu. Mtu mwenye suruali iliyochanika gotini na vumbi kichwani, ameinama, anafunika sufuria ya nyama kwa gunia. Mtu yule akainua macho, akamwona mpishi, akayashusha. Bila salamu akaibeba sufuria kifuani na kutoka kwa hatua za haraka.

Wangila aliyajua macho ya namna ile. Aliyaona Nairobi mara nyingi. Shavu lake likawaka kana kwamba kofi limekwisha kutua, na kabla akili haijasema lolote, mdomo ukasema.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mwizi wa nyama!"

Neno lile lilipita mlangoni, likapokelewa na muuza mkaa. "Mubbi!" naye akapaza kwa Kiganda, na kinyozi akalipokea, na wachapaji karatasi, na meza ya dirishani ikapinduka kwa jinsi waendesha boda walivyoinuka wote pamoja. Obwona alipita jikoni bado akitafuna. Alimpiga Wangila begani kama mtu anayemshukuru.

Abdul-Latif hakukimbia, na hilo ndilo lililomponza. Alisimama, akageuka aone mwizi ni nani.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Sufuria ikaanguka, wali ukamwagika kwenye mfereji. Akainua mikono aseme kitu, mtu akampiga kwa mguu wa benchi kwenye kiwiko, na mkono ukapinda upande ambao mikono haipindi. Alipopiga magoti wakamzunguka. Kutoka mlangoni Wangila aliona migongo tu na visigino vinavyopanda na kushuka. Alisikia sauti ya viatu kwenye mbavu, sauti nzito, kama gunia la mahindi linaposhushwa chini. Kijana mmoja wa stendi alikuwa na mnyororo wa pikipiki, na kila alipouinua wenzake walijikinga nyuso kwa ajili ya damu. Mzee mmoja, mtu wa heshima mwenye koti, alipenya, akakanyaga vidole vya yule mtu mara mbili, kwa utulivu, kisha akaenda zake. Mwingine aliokota kipande cha nyama ardhini, akakipuliza mchanga, akakitia kinywani na kurudi kupiga.

Ndipo Loice alipotokea jikoni na rundo la sahani chafu.

"Kuna nini?"

"Mwizi. Amebeba sufuria ya nyama, hivi hivi mchana kweupe."

Loice akachungulia. Sahani zikamtoka zote.

"Wangila! Huyo ni Abdul-Latif! Ile ni sadaka ya mayatima, huja kuichukua kila Ijumaa! Nani amesema mwizi?"

Wangila aliutazama mwiko mkononi mwake.

"Nani amesema?" Akamtazama usoni, akaona. "Mungu wangu. Waambie! Waambie wewe, ndio watakusikia! Mimi namwita Hajati." Akakimbia mbele, akiteleza kwenye vigae vya sahani.

Basi hapo ndipo Wangila aliposimama. Ilikuwa hatua kumi na tano kutoka kizingiti mpaka kwenye migongo ile. Maneno alikuwa nayo: si mwizi, nimekosea. Lakini alijua pia, kama anavyojua kila aliyeishi mjini, kwamba watu walioanza kuua hawapendi kuambiwa wamekosea. Akiwanyang'anya yule, watataka mwingine, na mwingine ni mgeni wa siku nne asiye na ndugu. Alijiambia Hajati anakuja. Alijiambia polisi hawako mbali, watasikia. Miguu yake ilikuwa mizima, na haikwenda.

Mduara ukafunguka kidogo, wapigaji wakivuta pumzi. Abdul-Latif alikuwa amelala ubavu, uso kuelekea jikoni. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, la pili liko wazi. Wangila alitazama chini.

"Leteni tairi!" mtu akasema.

"Tairi ya nini? Petroli inatosha." Ilikuwa sauti ya Obwona. Alichomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake, iliyokwisha kusukumwa mpaka uchochoroni, akakinga chupa ya soda, akangoja ijae, bila haraka, kama mtu anayekinga maji bombani. Akaja akammwagia Abdul-Latif kifuani, kisha kichwani. Harufu ikafika jikoni, ikapita harufu ya maharagwe yaliyoungua.

"Kiberiti. Nani ana kiberiti?"

Mtu akatoa. Kijiti cha kwanza kikazimwa na upepo.

Hapo miguu ya Wangila ikakubali. Alipita katikati ya watu akisukuma kwa viwiko, akamwangukia Abdul-Latif mzima mzima, kifua kwa kifua, petroli ikamlowesha na yeye.

"Si mwizi!" alipiga kelele. "Ni mtu wa Hajati! Ni sadaka! Zimeni hicho kiberiti!"

"Ondoka hapo, Mkenya."

"Nimekosea mimi! Mimi ndiye niliyeita mwizi! Huyu hakuiba kitu!"

Obwona alikishika kijiti cha pili bila kukiwasha. Aliutazama mkono wake wenye damu, akautazama uso uliokuwa chini ya Wangila, na sasa akamtambua seremala aliyemtengenezea kitanda. Wangila aliiona aibu ikiingia kwenye uso ule, na aliona jinsi isivyokaa hata dakika moja kabla ya kugeuka hasira.

"Umetufanya tumpige mtu bure?"

"Nisameheni."

"Umetufanya wauaji, wewe mbwa, halafu unasema nisameheni?"

Teke lilimpata chini ya kidevu, akasikia taya likivunjika ndani ya sikio lake. Wakamvuta miguu kumtoa juu ya yule mwingine. Sasa walipiga kwa bidii zaidi, kwa sababu kila pigo lilikuwa pia la kujisafisha. Mnyororo ukamchana mgongo. Mtu akamkalia kichwani. Meno mawili yakaingia kooni na hakuweza kuyatema, akayameza. Alijaribu kuita jina la Mungu, taya halikufunga, likatoka jina lisilo na umbo.

Kisha wakapiga kelele wao.

Hajati Maimunah alikuwa amesimama kando ya mfereji, ameshika karai la mafuta ya moto ya sambusa kwa vitambaa viwili. Nusu ya mafuta ilikuwa tayari kwenye miguu ya watu watatu. Kijana wa mnyororo alikuwa chini akishika miundi yake, ngozi ikimtoka mkononi.

"Nusu imebaki," Hajati alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Obwona, baba, umekula kwangu miaka sita. Hii ya usoni nimpe nani?"

"Hajati, sisi tulidhani..."

"Sogea."

Akasogea. Wote wakasogea. Dakika chache baadaye uchochoro ulikuwa na watu wawili chini, wanawake wawili, na mbwa aliyekuwa akila wali. Polisi walipofika waliuliza nani ameanza, na hakukuwa na mtu wa kujibu.

Hospitalini waliwalaza kitanda kwa kitanda, kwa kuwa waliletwa kwenye gari moja. Wangila alifungwa taya kwa waya. Abdul-Latif alikatwa mkono juu ya kiwiko, na jicho moja halikurudi. Siku mbili hakuzinduka. Siku hizo mbili Wangila hakulala. Alisikiliza pumzi ile ya kitanda cha pili, ikikwama aliinuka na kungoja mpaka iende tena. Hakuwa na jambo jingine la kuomba duniani: mtu huyu aishi. Hajati alikuja asubuhi na jioni, akamlisha mmoja uji kwa mrija, akamfuta mwingine uso kwa kitambaa. Alikwisha kuambiwa yote na Loice. Hakumtukana Wangila wala kumfariji.

Siku ya tatu Abdul-Latif akafumbua jicho. Akaomba maji, akanywa. Akautazama mkono uliokatwa kwa muda mrefu. Kisha akauliza.

"Hajati. Nani alipiga kelele ile?"

Hajati akaendelea kukunja kitambaa. Hakumtazama Wangila. Wangila alielewa kwamba ameachiwa ajibu mwenyewe. Taya lilikuwa limefungwa, sauti haikuwepo, hivyo akainua mkono juu, kama mtoto darasani.

Abdul-Latif akageuza shingo taratibu.

"Wewe ndiye uliyenilalia."

Wangila akatikisa kichwa, ndiyo. Machozi yalikuwa yakimwingia masikioni.

"Hilo la kelele, sawa. Hukunijua, na mimi sikukusalimu. Mtu hukosea." Alipumzika, mbavu zilikuwa zikimuuma. "Lakini nilikuona mlangoni. Yule dada alikwambia, nilimsikia akitaja jina langu. Wakati huo mkono huu ulikuwa umevunjika tu, haujasagwa. Jicho hili lilikuwa linaona. Ukasimama. Nikasema moyoni, anakuja sasa. Ukatazama chini."

Wangila alijaribu kusema. Waya ukamchoma ufizi, ukatoka mguno tu na damu kidogo mdomoni.

"Usiumie bure," Abdul-Latif alimwambia, bila ukali wowote.

Nesi, msichana wa Kiacholi aitwaye Acayo, alikuwa akipita na sindano. Abdul-Latif akamwita kwa mkono uliobaki.

"Sista, kuna nafasi nyingine ya kitanda?"

"Ipo kule mwisho, karibu na choo. Kunanuka, mzee. Hapa ni pazuri zaidi."

"Nipeleke huko."

Acayo akamtazama Hajati. Hajati akainuka, akashika upande wa kichwani, naye Acayo akashika wa miguuni, wakaanza kukisukuma kitanda chake. Magurudumu yalilia sakafuni wodi nzima, na wagonjwa wakainua vichwa kuona ni nani anayehamishwa.