Vibendera vya Harusi ya Chiriku

Mama Pacha hakuwa mtu wa kumwachia mwingine mkasi wake. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi, na vibendera vya kutundika ukumbini alitaka kuvishona mwenyewe, hapo hapo nyumbani, kutokana na nguo alizovaa binti utotoni. Jirani alipomwambia kwamba madukani vinauzwa vilivyo tayari, alimjibu, "Basi kaninunulie na bibi harusi huko huko." Jirani akaondoka amenuna.

Sebule nzima ilijaa pembetatu. Mama alikata kwa kufuatisha kipande cha boksi, akashona pande mbili, akapunguza ncha, akakigeuza kibendera kwa penseli na kumpa binti apige pasi. Vibendera saba vya katikati vilikwisha shonewa herufi, kila kimoja na yake: CHIRIKU. Hilo ndilo lililokuwa jina la nyumbani la bibi harusi, ingawa kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemsikia akipiga domo. Watu walisema msiba ndio uliomfunga mdomo. Tangu asubuhi binti huyo alikuwa akizitazama herufi zile, anafungua mdomo, anaufumba.

Walizaliwa wawili, huwezi kujua nani ni nani: Chiriku, maneno kama mvua, na Kimya, ambaye hata njaa alikuwa haisemi. Mama aliwashonea nguo za kitambaa kimoja, na ili asichanganye alitia mishono mitatu ya uzi ndani ya kola, bluu kwa Chiriku, nyekundu kwa Kimya. Walipokuwa na miaka sita, ukuta uliwaangukia wakicheza. Mmoja alitolewa hai, amezirai. Mwingine alitolewa na uso usiotazamika. Mama aligeuza kola zote mbili, akaona uzi wa bluu kwa aliyezirai, mwekundu kwa marehemu. Wakamzika Kimya.

Sasa ilikuwa imebaki nguo moja tu ya kukata, gauni la manjano alilokuwa amevaa siku ile yule aliyenusurika.

"Hata hilo, mama?"

"Hili ndilo hasa. Hili ndilo lililoniambia umebaki wewe." Mama alilinyoosha mezani, akasugua kifuani kwa kidole gumba. "Ila hili doa! Nimelifua mpaka nikachoka. Sijui ni la nini."

"La chai," binti alisema. "Chiriku aliimwaga asubuhi ile."

Mama alicheka. "Unajitaja kama mtu baki."

"Aliogopa utamgombeza. Nikampa gauni langu, nikavaa lake. Mimi nilikuwa nimezoea kugombezwa."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilipanda, kwani pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya kibendera. Binti aliisogeza kando. Mama aligeuza kola ya lile gauni, akaona uzi wa bluu, akaendelea kuutazama kana kwamba ungebadilika.

"Mbona hukusema?" Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

"Nilitaka kusema. Nilipozinduka hospitalini ulikuwa umenikumbatia, unamwambia shangazi, 'Afadhali Mungu kaniachia Chiriku wangu.'"

Mama alikumbuka. Alilisema, tena zaidi ya mara moja, mbele ya mtoto aliyelala na bandeji kichwani. Na baya zaidi, kuna siku alikuwa amehisi kwamba huyu siye. Alimwona mtoto akikaa pembeni akingoja kuitwa, kama alivyokuwa akikaa yule mwingine, na kila mara alijiambia ni msiba tu, akageuza shingo. Aliona aibu, aibu ya kumchoma usoni, kwamba uzi aliuamini kuliko macho yake.

"Mchumba wangu nimemwambia," binti alisema. "Yeye ananiita kwa jina langu. Sitaki kuolewa kwa jina la marehemu, mama. Hata kwenye vibendera tu."

Mama alivuta kibendera cha kwanza, akachukua wembe, akaanza kufumua herufi. Akajichana kidole, akakinyonya, akaendelea mpaka vyote saba vikawa vitupu, na matundu madogo ya sindano yakabaki. Kisha akalivuta lile gauni la manjano na kuanza kukata herufi mpya, ya kwanza akiikata palepale kwenye doa.

"Kimya," aliita, bila kuinua kichwa.

"Abee, mama!"

Itiko lilitoka haraka mno, kama la mtoto wa miaka sita aliyekuwa akingoja mlangoni siku nzima. Hapo ndipo Mama Pacha alipoangua kilio. Alimlilia Chiriku wake, ambaye hakuwahi kumlilia hata siku moja, aliyelala miaka yote hiyo chini ya jina lisilo lake. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Alipoinua macho alikuta binti yake anamtazama, na akaona kabisa kwamba anajua analiliwa nani.

Kimya alinyanyua pasi, akakitupa kibendera kilichoungua, akachukua kingine.